Anatafutwa Mtu wa Kumpiga Binti Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza daftari jipya. Lile la zamani limejaa vipimo vya viuno vya watu. Hili ni la historia. Siku binti yangu atakapokuwa bingwa, watu watauliza ilianzaje. Wasome hapa. Ilianza na mama yake.

Binti ana miaka ishirini. Asubuhi anatoa fotokopi kwenye duka la daftari na kalamu. Saa kumi jioni yuko sebuleni mbele ya runinga na mashine yake ya gemu, anapigana. Si mapigano ya barabarani, hapana, nimelea vizuri mimi. Ni ya kwenye kioo. Wapiganaji wawili, kila mmoja ana mstari wa kijani juu ya kichwa. Ukipigwa, mstari unapungua. Ukiisha, na wewe umekwisha. Wenzake wanamwita Radi, kwa wepesi wa vidole. Vidole hivyo kavitoa wapi? Mimi natunga uzi kwenye sindano nikiwa naongea na mteja na sitazami.

Leo kapata ujumbe. Amekubaliwa tena kwenye mashindano! Jumamosi ya tarehe kumi na tano, ukumbi mkubwa wa mjini. Washindani thelathini na wawili. Wanne watakaobaki wanachukuliwa kambini mwezi mzima, wanafundishwa na mabingwa. Hilo ndilo analolitaka. Zawadi hana habari nazo. Kambi!

Mwaka jana alitolewa pambano la kwanza. Dakika moja na kidogo. Naandika ukweli kwa kuwa daftari ni langu. Ila kiti chake kilikuwa kifupi, kila mtu aliona. Mwisho wenyewe mimi sikuushuhudia. Nilikuwa nimeshatoka nje kumtafuta mhusika wa viti.

Nikamwambia mwaka huu ni wako, mwanangu, hapa mtaani nani anakuweza? Akajibu hilo ndilo tatizo lenyewe, Mama. Hakuna wa kunipiga.

Nilicheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni. Mtu analia kwa kukosa wa kumpiga!

Akaeleza. Ana tabia ya kurukaruka. Hapa mtaani ukiruka hakuna anayejua kukuangusha, kwa hiyo anaruka na anashinda, anashinda na anaruka. Ukumbini ukiruka unadakwa kama panzi. Akasema mchezaji asiyepigwa anaoza taratibu bila kujinusa.

Nikamwonyesha kitambaa changu cha koridoni, nilichokidarizi kwa mkono wangu mwenyewe, herufi nyekundu, maua pembeni: *Asiyekubali kushindwa si mshindani.* Kinaning'inia na kufunika swichi kubwa ya umeme wa nyumba, maana swichi ile ni mbaya, inatia aibu mbele ya wageni. Nikamwambia soma, mwanangu, hekima ziko hapahapa nyumbani. Akasema ameshakisoma miaka kumi.

Basi asiwe na shaka. Koti la bwana mwenye kitambi nimelipunguza likamkaa mwanawe mwembamba kama ufagio. Kumtafutia mtu kipigo ndiyo kunishinde?

Jumanne, 4 Juni

Nimebandika tangazo kwenye mlango wa chumba cha kushonea. Herufi kubwa, chaki ya bluu ya kukatia nguo: ANATAFUTWA MTU WA KUMPIGA BINTI YANGU. AJE SAA KUMI. ASIMWONEE HURUMA.

Wa kwanza kufika alikuwa mwalimu wa hesabu. Uso umemkunjamana. Akaniambia kwa upole kwamba mtoto haelimishwi kwa fimbo, tena mtoto wa miaka ishirini, tuzungumze kama wazazi. Nikamketisha kwenye kochi, nikampa padi ya kuchezea mikononi. Alipoelewa, akataka kwanza kujua kila kitufe kinafanya nini. Vitufe vinane. Aliposhika cha tatu alikuwa ameshakufa mara nne.

Akaja muuza nyama. Mikono kama majembe. Nikasema huyu, huyu ndiye! Akabonyeza vitufe vyote kwa kiganja, kama anapiga nyama iwe laini. Mpiganaji wake akazunguka peke yake kwenye kona, akajipiga ukutani. Binti alishinda huku anakunywa chai.

Nikatunga sheria. Mteja hachukui nguo bila kupigana kwanza. Bwana mmoja alikuja kuchukua suruali, akapigwa mara kumi na moja, akaondoka na hasira. Suruali kaisahau.

Jumla ya leo: binti ishirini na tisa, mtaa mzima sifuri. Ningekuwa mama mwingine ningefurahi. Nilifurahi kidogo.

Jumatano, 5 Juni

Binti kasema kuna watu hodari wengi mno kwenye mtandao, ila intaneti yetu ni ya kobe. Akibonyeza ngumi sasa, inamfikia adui baada ya adui kumpiga, kumzika na kurudi matangani. Nikasema kumbe ni hilo tu! Nikapanda juu ya meza ya kukatia, nikafunga kile kisanduku cha intaneti kwenye fremu ya dirisha kwa utepe wa satini, mafundo matatu. Mtandao ukaondoka kabisa. Utepe ulipendeza.

Nikasema basi, hakuna kama mimi. Nikakaa mwenyewe nicheze naye.

Nimechagua mpiganaji mmoja, dada mwenye gauni lililopasuliwa mpaka nyonga. Upindo haujashonwa, nyuzi zinaning'inia! Nani kamwachia akatoka hivyo? Nikiwa namwonea huruma nikapigwa teke. Nikapigwa tena. Nikapigwa nikiwa chini. Nikamwambia mwanangu, mimi ni mama yako. Akasema Mama, kinga! Nikainua mikono yangu mwenyewe usoni.

Ila nimempiga mara moja. Ngumi safi kabisa, ya tumbo. Alikuwa ameenda jikoni kunywa maji. Nimeihesabu.

Mume wangu amerudi kutoka kazini kwenye tanuri la mkate, ametukuta, ametazama kioo, amenitazama mimi, kaenda kulala. Mtu wa maneno machache. Mimi ndiye niliyebeba maneno ya nyumba hii.

Ijumaa, 7 Juni

Mpinzani amepatikana! Lakini kapatikana wapi? Kwa Mama Kombe!

Huyu ni jirani yangu msusi, saluni yake inatazamana na mlango wangu. Mwanawe alishinda mbio miaka minne iliyopita, akapewa kombe. Kombe lenyewe la kimo cha birika. Kaliweka dirishani mwa saluni, analipangusa kila asubuhi akinitazama. Miaka minne! Hata birika lingekuwa limechakaa.

Sasa ana mgeni, shemeji yake, mtu mzima mwenye mvi za pembeni. Kaanguka na pikipiki, mguu uko ndani ya plasta mpaka gotini, anauguzwa hapo wiki sita. Leo muuza nyama kaniambia yule bwana aliendesha ukumbi wa magemu mjini miaka kumi, na vijana walikuwa wanapanga foleni kupigwa naye. Mtaa mzima tunamwita Plasta, naye anaitika.

Nikavuka barabara. Hatua kumi na mbili. Nzito kuliko zote nilizowahi kupiga.

Mama Kombe alikuwa anasuka kichwa cha mtu. Hakugeuka. Akasema heee, leo jua limechomoza wapi? Nikasema jirani mwema, nimekuja kukuazima shemeji. Mwenye kichwa akacheka, akavutwa nywele akanyamaza. Mama Kombe akasema shemeji yake anahitaji mapumziko, ila kwa jirani mwema inawezekana, kuna masharti mawili. Kwanza, nitazame kombe niseme lilivyo. Pili, nilishonee kifuniko cha mahameli chenye vishada, bure, lisishike vumbi.

Nikatazama kombe. Nikasema linang'aa. Akasema hajasikia. Nikasema, linang'aa kuliko yote niliyoyaona! Akaniuliza nimeona mangapi. Nikasema hilohilo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka mgongo unaniuma. Lakini kesho saa kumi Plasta anakuja.

Jumamosi, 8 Juni

Amekuja kwa magongo, akaketi kwenye kochi letu, mguu juu ya kigoda, padi juu ya plasta, karanga mfukoni. Mpole. Akamsalimia binti, akamwambia tucheze kwanza, maneno baadaye. Kachagua jitu la mabega mapana lisilovaa shati. Kwangu mimi mpiganaji asiye na nguo si mtu wa kuaminika.

Mama Kombe naye kaja. Sikumwalika. Kakaa kwenye kiti cha wateja, miguu kakunja, kama aliyekuja kuangalia sherehe.

Binti akaruka. Jitu likainua ngumi kutoka chini, likamdaka hewani. Akaruka tena. Akadakwa tena. Mstari wa kijani ukakatika kama kitambaa cha bei rahisi. Mama Kombe akasema kwa sauti: moja.

Mbili. Tatu. Kila binti akianguka, yule mwanamke anahesabu, na sauti inazidi utamu. Nne. Plasta anatafuna karanga. Tano. Binti jasho linamtoka, mimi kwenye cherehani nimeshona mkono wa shati kwenye shingo. Sita.

La saba, mstari wa binti ulibaki kama ukucha. Nikamwona Mama Kombe anafungua mdomo.

Sijui niliinukaje. Nilikuwa koridoni. Niliinua pembe ya kitambaa changu. Tak!

Giza kwenye kioo. Nikatokea mlangoni nikasema jamani, umeme umekatika! Mama Kombe alibaki mdomo wazi na ile saba yake haijatoka.

Binti akashika kichwa, akasema aah, jamani, karibu ningeona alivyonimaliza! Nikasema pole, mwanangu. Nikaurudisha baada ya dakika kumi, walipokuwa wameshaondoka.

Mara moja tu. Ilikuwa dharura.

Jumatatu, 10 Juni

Jana umeme ulikatika mara nne. Leo mara sita.

Nisihukumiwe haraka. Atakayesoma na awe mama kwanza. Unamzaa mtoto, unamnyonyesha, unamfunga kamba za viatu, halafu mtu mwenye plasta anampiga mbele ya Mama Kombe na wewe umeshika mkasi? Mkasi ningeweza kuutumia. Nimetumia swichi. Huo ni uungwana.

Na ajabu, binti anafurahi! Ameniambia ameyajua sasa maradhi yake. Plasta kamfundisha kusimama tu, kukinga na kungoja. Akasema kungoja kwenyewe ni kama kungoja uzi upite kwenye tundu, ukilazimisha unakosa. Nikajisikia vizuri, maana hiyo lugha ni yangu. Tatizo moja, akasema: hawafiki mwisho. Mwisho wa pambano, mstari ukibaki kidogo, ndipo mkono wake unapoingiwa na hofu na kuruka. Pale ndipo anapotaka kujifunza. Na palepale umeme unakata! Kama vile umeme una macho, Mama!

Nikasema dunia ina mambo.

Plasta akachungulia dirishani na kusema mbona redio ya saluni inaimba. Nikasema saluni wana waya wao. Mama Kombe akasema waya gani? Nikamwambia kifuniko chake kinaendelea vizuri, vishada nimeweka vya dhahabu. Akasahau waya.

Wakati wa kula, mume wangu aliweka kijiko chini. Nikajua kuna jambo, yeye kijiko hakiweki ovyo. Akauliza, mke wangu, umeme gani huu unaokatika nyumba moja tu, tena mtoto akitaka kushindwa? Nikamwongezea mchuzi.

Jumatano, 12 Juni

Mambo yameharibika.

Binti kaleta fundi umeme. Kamleta mwenyewe, bila kuniuliza, toka kazini. Mama wa makamo, mwenye kofia ngumu na bisibisi sikioni, anazungumza kama daktari. Kazunguka nyumba. Kapima soketi. Kafungua, kafunga. Kasema nyumba hii haina ugonjwa wowote, ni nzima kuliko wenye nyumba.

Akauliza swichi kubwa iko wapi. Nikasema hatuna. Mume wangu, kutoka chumbani, akiwa amelala, akasema iko nyuma ya kitambaa.

Fundi akainua kitambaa. Akatazama. Akatuita wote. Swichi nzima ilikuwa na alama za vidole, bluu. Pembe ya kitambaa, bluu. Hata lile neno *kushindwa* lilikuwa na dole gumba la bluu juu yake. Fundi akasema hii ni chaki ya kukatia nguo, nani hapa anashona?

Wote wakatazama cherehani. Cherehani ilikuwa imejibu.

Binti akatazama vidole vyangu. Nikaviweka nyuma. Nilitegemea apige kelele. Hata ningefurahi, kelele nazijua, kelele zina mwisho. Hakupiga. Alikaa chini palepale koridoni, akaegemea ukuta.

Akasema, Mama, unajua mwaka jana niliumia wapi? Nikasema kiti kilikuwa kifupi. Akasema kiti kilikuwa kizuri. Akasema nilipomalizwa niligeuka nikutafute, nikaona kiti chako kitupu. Nikajua nimepigwa vibaya mpaka mama yangu hakuweza kunitazama. Ndiyo maana mstari ukibaki kidogo, naruka. Siruki kumpiga mtu. Naruka ili iishe upesi, kabla hujaondoka.

Fundi akaanza kukunja nyaya zake taratibu, kama mtu aliye msibani.

Niliketi chini karibu naye. Nikamwambia nitakaa. Akauliza hata nikipigwa? Nikasema hata ukipigwa. Akauliza mpaka mwisho? Nikasema mpaka wafagiaji waje kunifagia.

Nimeosha swichi. Chaki ya bluu haitoki upesi. Nilikuwa naisifu kwa wateja kwa sababu hiyohiyo.

Alhamisi, 13 Juni

Mume wangu amehamishia kiti chake koridoni. Kakaa chini ya kitambaa, mikono kifuani, kichwa kimeegemea swichi. Anasema hapo kuna hewa.

Nimetazama mapambano kumi, kuanzia mwanzo hadi mwisho. La kwanza, kapigwa. La pili. La tatu. Mama Kombe akihesabu, na mimi nashona vishada, sindano ikinichoma kidole kila namba. Nimechomwa mara tisa.

Lakini niliona kitu. Pambano la sita, mstari ulipobaki ukucha, binti akageuza shingo kidogo. Akaniona nipo. Akarudi kwenye kioo, na hakuruka. Alipigwa vilevile, ila alipigwa amesimama.

La kumi, kashinda! Jitu lile lilisogea, yeye akangoja, akangoja, halafu akatoa teke moja la chini na jitu likaanguka kama gunia! Plasta alimwaga karanga zote. Akasema kwa miaka kumi ni watu wachache walimfanyia hivyo. Mama Kombe kwa mara ya kwanza hakuwa na namba ya kusema. Nikamsaidia. Nikasema MOJA.

Kisha nikamkabidhi kifuniko chake. Mahameli ya zambarau, vishada vya dhahabu. Kakipenda mpaka kanikumbatia. Kakivalisha kombe palepale, tukasimama nje kutazama. Kinafunika kombe lote mpaka chini. Hakuna kinachoonekana. Unaweza kudhani ni kuku aliyekaa. Vipimo vyangu havijawahi kukosea.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika jioni hii, vidole vimevimba kwa kupiga makofi.

Ukumbi umejaa. Runinga nane, viti vya plastiki, kelele za vitufe kama mvua kwenye bati. Tulikwenda sote: mume wangu, Plasta na magongo yake, Mama Kombe kavaa kama anaolewa yeye. Nikamwambia mlangoni kila mtu anayepita kwamba Radi ni wangu. Mlinzi wa mlango nimemwambia mara tatu.

Kabla ya kuanza, binti akaja tulipoketi. Akainama kama anayenibusu. Kumbe ana pini mkononi, pini zangu mwenyewe! Kachukua upindo wa gauni langu na upindo wa gauni la Mama Kombe, akazibana pamoja, pini sita. Akasema haya, Mama, ukiondoka unaondoka naye. Mama Kombe akasema mtoto huyu ana akili. Nikasema karithi.

Pambano la kwanza, kashinda. Hilo lililomtoa mwaka jana! Nikasimama kushangilia, Mama Kombe akasimama na mimi, hakuwa na hiari.

La pili, kashinda kwa tabu.

La tatu ndilo lililokuwa la kambi. Ukishinda, uko kwenye wanne. Mpinzani, kijana mmoja mrefu mwenye miwani, mtu ambaye vidole vyake havionekani vikisogea. Wamefungana raundi mbili kwa mbili. Raundi ya mwisho. Mstari wa binti ukakatika, ukakatika, ukabaki ukucha.

Naungama. Macho yangu yalizunguka ukumbi. Na niliiona. Kando ya mlango wa choo, sanduku la chuma la kijivu, mlango wake wazi, swichi zimejipanga. Hatua ishirini. Mguu wangu ulijisogeza wenyewe. Gauni likavutika. Mama Kombe akasema akiuma meno, bila kunitazama: kaa chini, mwanamke, nimebanwa na wewe.

Nikakaa.

Binti akageuza shingo. Nilikuwepo. Nilikuwa nimebanwa, lakini nilikuwepo.

Hakuruka. Yule wa miwani akamkaribia, akamnyemelea, ukumbi mzima ukimngoja aruke. Akakinga. Akakinga. Akangoja uzi upite kwenye tundu. Teke la chini!

Kilichofuata sikukiona vizuri, Mama Kombe alikuwa amenikumbatia, au mimi nilikuwa nimemkumbatia yeye, na ndipo gauni lake likapasuka mpaka goti. Nimemwahidi kulishona. Kambi! Binti yangu anakwenda kambini!

Pambano la nne dada mmoja mnene, mcheshi, alimpiga tatu bila. Nimetazama yote. Moja, mbili, tatu. Binti alipogeuka mara ya mwisho alikuwa anacheka, na mimi nikamwonyesha pini: bado ziko.

Wamempa medali ya wanne bora. Nzuri. Nyepesi kidogo.

Jumatatu, 17 Juni

Medali iko kwenye dirisha la chumba cha kushonea. Haina kifuniko. Naipangusa asubuhi, nikitazama saluni. Mama Kombe kavuka barabara, kaitazama. Nikamuuliza ikoje. Akasema inang'aa. Nikasema sijasikia.

Nimekuwa mtu mwingine, naweza kusema. Nimejifunza mengi. Nimemwambia binti kwamba sasa naelewa, kupigwa ni shule, na mimi sitaingilia tena maisha yangu yote. Akanikumbatia. Mume wangu akarudisha kiti chake sebuleni.

Kambi inaanza mwezi ujao. Mpaka hapo binti hataki kukaa bure. Amealika wapinzani waje nyumbani kila Jumapili: Plasta, yule kijana wa miwani, na yule dada mnene aliyemchapa tatu bila. Nimesema karibuni sana, nyumba yenu. Mama Kombe kasema atakuja na kiti chake.

Asubuhi hii, binti akiwa kazini, nimemwita yule mama fundi umeme. Nikamwomba anivutie swichi nyingine, ndogo tu, ya nyumba nzima, chini ya meza ya cherehani, sakafuni, upande wa kushoto. Akatoa bisibisi sikioni. Akauliza ya nini.

Nikamwambia ni kwa usalama. Cherehani ina kanyagio moja, na miaka yote hii mguu wangu wa kushoto umekaa bila kazi.